Kichwa cha Walubengo

Kanisa la Marafiki,
Eldoret,
Agosti 1949.

Kwa Jackson Wasike, ndugu yangu wa tumbo moja, Hoey's Bridge.

Jina la Mungu Baba yetu, aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi na akili zetu, litangulie kila neno nitakaloandika hapa. Amani yake ikae juu yako, juu ya mke wako Esther, juu ya watoto mliojaliwa, na hata juu ya ng'ombe wale walionusurika na maradhi ya mwaka jana.

Natumaini kile kikohozi chako kimekuacha, na kwamba mvua hii inayotupiga bila huruma imewafikia ninyi kwa kipimo cha mahindi na si kwa kipimo cha gharika. Sisi huku tunaendelea kwa neema. Mgongo wangu hulalamika ninaposimamia magunia kwenye mizani ya ghala, lakini Nanyama husema mgongo huo ulianza kulalamika siku ile nilipomleta nyumbani, kwa hiyo tusiuhesabu kuwa ugonjwa. Anakusalimu sana. Walubengo naye anakusalimu, na salamu zake ndizo sababu ya barua hii kuwa ndefu.

Ujumbe wako nimeupokea. Dereva wa lori la mahindi aliutoa ghalani mbele ya watu wote, tena kwa sauti ileile uliyomkopesha. Ulitaka kujua kama ni kweli kwamba mtoto wetu, ambaye uwanda huu mzima unamwita Nyundo, alikaa katikati ya akina mama amevaa sweta, akitafuna njugu, wakati wenzake walipokuwa wakipigania kombe. Ukauliza kama alikuwa ameposwa. Ukauliza pia ni dini gani hii yangu inayomfanya kijana mwenye nguvu akae kama bibi harusi, na ni kwa haki gani niliamua jambo hilo peke yangu, ilhali wewe u baba yake kama mimi nilivyo.

Wapakuaji walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa maana kuhusu sweta na njugu ulisema kweli. Lakini swali lako la mwisho si la kuchekwa. Wewe ni baba mdogo wa Walubengo, na ni wewe uliyemfundisha kupiga mpira kwa kichwa, kwa ule mpira wa maganda ya migomba, kabla hajajua kuandika jina lake. Una haki ya kuelezwa. Basi nitakueleza kwa utaratibu, ingawa nikiikumbuka Jumamosi ile kalamu inataka kukimbia mbele ya mkono, na mimi si mtu wa kukimbizwa na kalamu.

Mambo yalianza Kapseret, katika mchezo wa nusu fainali. Hukuwapo, kwa kuwa ilikuwa majira ya palizi, lakini laiti ungaliuona. Sisi tulitoka mjini kwa miguu, kanisa karibu lote, wazee na wanawake wenye watoto mgongoni, tukiimba. Vijana wa Kapseret walikuwa na mlinzi wao mrefu aitwaye Kimeli, ambaye mtu akimtazama hudhani amepanda juu ya kitu. Mvua ikaanza kabla ya mapumziko. Unajua jinsi mpira wa ngozi unavyokunywa maji. Kufikia mwisho wa mchezo ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia wimbi, na ukipigwa haukulia tena kama mpira bali kama gunia lililoanguka.

Ikapatikana kona. Mwalimu Nicholas, anayewafundisha vijana wetu, alikuwa amekwisha kuacha kupiga kelele kwa sababu sauti ilikuwa imemwishia, akawa anaonyesha kwa kofia tu. Mpira ukaja juu. Walubengo akaruka, na Kimeli akaruka, na kwa kitambo kile nilichokuwa nikitazama nilisahau kwamba mimi ni mzee wa kanisa. Nyundo aliupiga mpira kwa paji la uso, na kwa wakati uleule kichwa chake kikakutana na kichwa cha Kimeli. Mlio ule niliusikia nikiwa mbali. Mpira ukaingia golini. Vijana wote wawili wakaanguka kwenye matope. Watu wetu waliingia uwanjani kama ng'ombe waliovunja boma, na refa, ambaye ni mtu wa heshima, akasukumwa mpaka akakaa chini.

Walubengo aliinuka akicheka. Paji lake lilikuwa na alama ya kamba ya mpira, kama nguo iliyoshonwa, nayo ni alama ambayo vijana hawa hujivunia. Alikimbia kushangilia, lakini alikimbilia upande wa watu wa Kapseret, akawakumbatia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tukambeba mabegani. Njiani akauliza kama mchezo umeanza. Tukamjibu kwamba umekwisha na kwamba yeye ndiye aliyeumaliza. Akafurahi sana. Baada ya mwendo kidogo akauliza tena kama mchezo umeanza, na Kavetsa, yule mama Mlogoli anayeuza uji karibu na kanisa letu, akasema Nyundo amelewa goli lake mwenyewe, na kwamba hiyo ndiyo pombe pekee ambayo Marafiki wanaruhusiwa. Neno hilo lilitufikisha nyumbani tukiwa na furaha. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Asubuhi ya Jumapili, kwenye maombi ya nyumbani, nilimpa Walubengo zaburi ya kusema kwa moyo, ile ya mchungaji, aliyoijua tangu alipokuwa akilala katikati yetu. Alianza vizuri. Alipofika mabondeni akasimama. Hakusitasita kama mtu anayetafuta neno. Alisimama kama mtu aliyefika mahali ambapo njia imekatwa na maji. Kisha akaomba mlango ufungwe kwa sababu mwanga ulikuwa mkali, na nje kulikuwa na mawingu tu. Nanyama alifunga mlango, akaja akaketi karibu naye, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayepima uzito wa boga.

Siku ya Jumanne niliomba ruhusa kazini, tukampeleka kwa daktari wa misheni huko upande wa Plateau. Daktari alimtazama macho kwa taa ndogo, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akamwuliza majina ya wadogo zake. Aliyoyaona alitueleza kwa Kiingereza, naye Wilson, msaidizi wake Mnandi, akatufafanulia kwa mfano wa kwao. Alisema ubongo umo kichwani kama maziwa yalivyo kwenye kibuyu. Kibuyu kikitikiswa sana kinabaki kizima kwa nje, lakini ndani maziwa yamevurugika, na dawa yake ni kukiweka mahali pamoja kitulie. Ukikitikisa tena kabla hakijatulia, usimlaumu mtu kwa utakachomimina. Kisha akafikisha onyo la daktari mwenyewe: kwamba kuna vijana waliopata pigo la pili juu ya la kwanza, na hawakuamka.

Nilimwuliza daktari kama hayo ni lazima yatokee. Alikuwa mtu mkweli, akasema hapana. Alisema wapo waliocheza wakiwa hivyo na leo ni mababu, na kwamba hana mizani ya kupima kichwa cha mtoto wangu kama mimi ninavyopima magunia. Alisema atulie mpaka siku nyingi zipite bila maumivu wala kizunguzungu, lakini wazazi ndio watakaochagua. Ndugu yangu, ningalipenda aniamuru. Mtu akikuamuru, unaweza kumtii au kumnung'unikia. Akikuachia uchague, anakupa mzigo na kuondoka.

Na fainali ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili, hapa mjini, kwenye uwanja wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, dhidi ya vijana wa Reli.

Wewe unajua habari za vijana wa Reli. Wana viatu wote. Mashabiki wao wana filimbi za walinzi wa treni, na midomo mirefu kuliko treni. Kila nilipopita sokoni nilisikia wakiuliza kama Nyundo imetoka mpini. Huku kwetu watu walikuwa hawalali kwa hamu. Wafanyakazi wa kiwanda cha magome ya miti ya miwati walikuwa wamebadilishana zamu ili waje. Ndipo ikaja na ile habari yako ya kwanza, kwamba unakuja na lori zima la watu wa Hoey's Bridge, kwamba umekwisha kuwaahidi kuona kichwa ulichokifundisha wewe, na kwamba mtoto wa Mbukusu haumwi na kichwa bali kichwa ndicho kinachoumwa naye. Walubengo aliposikia hayo, alitembea siku nzima kama aliyevikwa joho. Nami, sitakuficha, nilitembea karibu naye.

Nanyama alisema hapana, na hakuongeza kitu. Walubengo alisema kichwa chake ni chepesi kama unyoya na zaburi ameikumbuka yote, akaisema mbele yetu mpaka mwisho bila kupumua. Kavetsa alikuja jioni na kibuyu cha uji, akamwambia Nanyama kwamba akina mama wa siku hizi wanataka kuwafunga watoto kwenye pamba, kwamba vichwa vya watu wa Elgon ni vya mawe, na kwamba kama Mungu angalitaka kichwa kisitumiwe angalikiweka mahali pengine. Nanyama alimshukuru kwa uji.

Basi Jumapili iliyofuata nikalipeleka jambo mkutanoni, kwa kuwa timu inabeba jina la kanisa. Na hapa inanipasa nikukumbushe desturi yetu, maana ni miaka sasa hujaketi nasi. Sisi Marafiki hatuinui mikono wala hatuhesabu walio wengi. Tunakaa kimya mbele za Mungu. Anayesukumwa kusema husema, kisha tunarudi kwenye ukimya, mpaka mioyo yote iwe moyo mmoja. Moyo mmoja usipotulia, jambo halipiti. Nimeipenda desturi hiyo tangu ujana wangu kule Kaimosi, na sijawahi kuona ukimya kama ule wa Jumapili hiyo. Ulikuwa ukimya unaochemka. Wazee walikuwa wamefumba macho, lakini miguu yao chini ya benchi ilikuwa ikipiga mpira.

Mtu mmoja aliinuka akasema kijana aulizwe. Walubengo akasimama na shati lake la Jumapili, akasema haumwi popote na anaona vizuri. Mwingine akasema kombe hili litawatia moyo vijana waje kanisani. Kavetsa akasema maneno yake ya mawe, kwa adabu zaidi kidogo. Nami nilikaa nikihisi furaha inanipanda kifuani, kwa kuwa niliona mioyo inaelekea upande niliokuwa nikiutaka. Mzee Mukhwana, anayeongoza mkutano, akauliza kama imebaki roho isiyotulia.

Nanyama akainuka. Alisema yeye hawapingi wenzake wala hawalaumu. Alisema anauliza tu ni nani kati yao, siku Walubengo atakapokuwa hajui tena jina la mama yake, atakayekuja kila asubuhi kumkumbusha. Kisha akaketi.

Mvua ilipiga bati. Mwishowe Mzee Mukhwana akasema kwamba hatujawa na moyo mmoja, na kama ilivyo kawaida yetu, jambo hili tutaliombea na kulirudia Jumapili ijayo. Tukasema amina, tukapeana mikono, tukatoka tukiwa na utulivu wa watu waliofanya kazi yao vizuri.

Ndugu yangu Jackson, fainali ilikuwa Jumamosi. Mkutano wa kuamua kama atacheza fainali ulikuwa Jumapili, kesho yake. Tulikuwa zaidi ya watu mia ndani ya nyumba ile, wakiwamo makarani, waalimu na mimi ninayeheshimiwa kwa kupanga siku za wengine, na hakuna hata mmoja aliyeliona jambo hilo. Hata Mwalimu Nicholas hakuliona, naye ndiye aliyeandika siku ya mchezo kwa chokaa kwenye mlango wa kanisa, na tulipotoka tuliufungua mlango huohuo.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alikuja kwangu na jezi mkononi, akaniuliza mkutano ulisemaje. Nikamwambia mkutano utasema kesho. Akanitazama, nikamtazama. Akaketi kwenye kizingiti, akafunika uso kwa kofia, na mabega yake yakatikisika, nami mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka au akilia. Tulikwenda mbio kwa Mzee Mukhwana, tukamkuta akilisha kuku. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema jambo ambalo halijakubaliwa halijakubaliwa, na kwamba Roho haitwi kwa filimbi ya refa.

Niliporudi nyumbani Nanyama alikuwa amekwisha kujua. Alisema mkutano umeturudishia mtoto wetu mikononi, na huenda hapo ndipo alipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba anayetaka kucheza kuliko Walubengo ni mimi, na wa pili ni wewe. Akasema nikamwulize kijana mwenyewe hali yake, lakini nisimwulize mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu kijana hujibu watu.

Nilimchukua Walubengo, aliyekuwa amekwisha kuivaa jezi, nyuma ya tangi la maji la reli, wakati umati ulipokuwa ukijaa. Tulizungumza kwa muda mfupi. Aliyoniambia hapo aliniomba nisimwambie mtu mpaka atakapokubali, na jana jioni amekubali uambiwe wewe peke yako. Nitayaandika mwishoni. Hapa ujue tu kwamba tulipotoka nyuma ya tangi, jezi ilikuwa mkononi mwangu, na Walubengo alikwenda mwenyewe kuketi karibu na mama yake. Nanyama akavua sweta lake akamvisha, kwa sababu alikuwa akitetemeka. Njugu zilikuwa za Kavetsa.

Na jezi alipewa nani? Alipewa Jairo, mwana wa Kavetsa, kijana mfupi mwenye mbio, ambaye ilimfika magotini kama kanzu ya kwaya. Watu wa Reli walipoiona walipiga filimbi zao zote kwa pamoja, wakauliza kama Nyundo imenyeshewa ikasinyaa.

Lakini mchezo, ndugu yangu, mchezo. Nimeishi miaka yangu nikiamini kwamba furaha ya mtu mzima ni kitu kinachokaa kifuani kimya. Walitufunga mapema, na tukasawazisha kwa mpira uliopita katikati ya miguu ya golikipa wao kama panya chini ya ghala. Walitufunga tena. Jairo yule mdogo akauchukua mpira chini, akawapita walinzi wao na viatu vyao, mmoja akateleza akamvuta jezi, jezi ikanyooka nyuma yake kama mkia wa tausi, naye akaendelea kukimbia ndani yake mpaka akafunga. Nilijikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua aliyevaa kofia ya reli. Yangu ilianguka na sijaiona tena. Mzee Mukhwana, ambaye Roho wake haitwi kwa filimbi, alikuwa amesimama juu ya sanduku la soda.

Ikabaki dakika chache. Mvua ilikuwa imerudi na mpira umekuwa jiwe. Reli wakapata kona. Vijana wetu walirudi wote kulinda, na Jairo akasimama mbele ya goli, mahali pa Walubengo. Mpira ukaja juu, polepole, ukining'inia. Kila mtu wetu aliyekuwa uwanjani aliona kwamba ulikuwa umefika hasa kwenye kimo cha kichwa cha Nyundo, na kwamba kichwa hicho hakikuwapo. Jairo akakunja magoti ili aruke. Ndipo sauti ikapasua uwanja mzima, sauti ya Kavetsa, ikimwambia Jairo auache huo mpira upite, asiuguse, ainamishe kichwa, atamwua mama yake.

Jairo ni mtoto mtiifu. Aliinama. Mpira ulipita juu ya mgongo wake ukaingia golini, na refa akamaliza mchezo.

Hivyo ndivyo kombe lilivyokwenda landhi. Lori lako nalo, kama unavyojua, lilikuwa limekwama kwenye matope ya Soy, ukasikia habari zikiwa zimepungua nusu na kuongezwa nusu. Nasikitika kwamba watu wako walikucheka. Lakini nakuapia kwamba tulirudi nyumbani tukiimba kana kwamba tumeshinda. Kimeli wa Kapseret, ambaye alikuja na baba yake na kibuyu cha maziwa ili kumwona Walubengo, alitembea nasi mpaka mlangoni, na vijana hao wawili wakalinganisha vinundu vyao.

Kesho yake tukaketi mkutanoni. Mzee Mukhwana, kwa uso uleule wa siku zote, akasema limebaki jambo moja tuliloliahirisha, nalo ni kama Walubengo acheze mchezo wa jana. Tukaingia katika ukimya. Ndipo Kavetsa akainuka, akasema kwamba juma lililopita alikuwa na maneno mengi juu ya vichwa vya watu wengine, na kwamba sasa moyo wake ni mmoja na wa Nanyama. Akataka kuketi, lakini kuna mtu upande wa nyuma alishindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikapita benchi kwa benchi kama moto kwenye majani makavu, mpaka Mzee Mukhwana mwenyewe akatoa leso. Sijawahi kusikia kanisa la Marafiki likicheka hivyo, na naamini Mungu hakuchukizwa. Karani akaandika kwamba mioyo yote imekubaliana, Walubengo asicheze jana.

Sasa nakuja kwenye lile la nyuma ya tangi.

Nilimwambia Walubengo kwamba mkutano haujasema, daktari ametuachia sisi, mama yake amesema lake, na mimi nataka sana acheze, kwa hiyo asinitazame mimi bali aniambie kweli. Alikaa kimya kama Rafiki wa kweli. Kisha akaniambia kwamba tangu Kapseret anaona mipira miwili. Ukiwa chini ni mmoja, ukipanda juu unagawanyika kama pacha. Alikuwa amejizoeza kwa siri nyuma ya nyumba, akijirushia kiazi, na alikuwa amegundua kwamba wa kweli mara nyingi ni ule wa kulia. Aliniambia hayo kwa fahari, Jackson, kama mwanafunzi aliyeipata hesabu ngumu. Alikuwa tayari kuingia uwanjani na kuuchagua wa kulia.

Nilimwuliza kwa nini alituficha, akasimama mbele za Mungu mkutanoni akasema anaona vizuri. Hapo fahari ikamwisha. Akasema wewe unakuja. Akasema tangu babu yake alipozikwa, baba mdogo hajawahi kufika nyumbani kwetu ila siku za mpira, na kwamba kama hatakuwa tena na kichwa cha kupigia, hajui utakuja kwa sababu gani.

Mimi ni mzee wa kanisa, nimewazika watu na kuwaunganisha waliogombana, na nyuma ya tangi lile sikuwa na jibu kwa mtoto wangu, kwa maana alikuwa ameona mipira miwili, lakini jambo hili aliliona moja na aliliona sawasawa. Yaliyotutenga wewe na mimi yalitokea kwenye kaburi la baba, na sitayaandika hapa. Nilimvua jezi kwa mikono yangu. Uliuliza niliamua kwa haki gani bila wewe. Haki sikuwa nayo. Nilikuwa na mtoto tu, naye alikuwa akitetemeka.

Daktari amemwona tena. Anasema huenda msimu ujao atacheza kwa miguu, na kichwa chake pengine kisirudi kazini kamwe. Hana hakika, nasi tumejifunza kukaa bila hakika. Lakini jana jioni, tulipokuwa uani, Walubengo alichukua kiazi kwenye kikapu cha mama yake, akakirusha juu sana, akakitazama kikishuka, akakidaka kwa mkono mmoja. Akanigeukia akasema kimoja, baba. Nanyama aliacha kisu chini. Nilimwambia arushe tena, akarusha, kikawa kimoja, tukaendelea kurusha viazi mpaka chakula cha jioni kikachelewa, na majirani wakaja kutazama kuna nini. Ndipo akaniruhusu nikuandikie.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Usije na lori. Usingoje kombe lingine wala palizi iishe. Njoo siku isiyo na mpira, uketi nasi, ule kile kitakachokuwapo, ili mtoto akuone mlangoni wakati hakuna mtu anayecheza popote. Ukipenda kunikaripia, nikaripie hapa, nami nitakusikiliza mpaka mwisho, kisha tutalizungumza lile la kaburini.

Mwenyezi Mungu, aliyeumba kichwa cha mwanadamu na kuzihesabu nywele zake, akulinde wewe na Esther na watoto wenu, mtokapo na mwingiapo. Aijaze ghala yenu na kuzituliza roho zenu. Akupe njia kavu kutoka Hoey's Bridge mpaka mlangoni kwangu, na tope la Soy lisikuzuie tena. Amina.

Ni mimi kaka yako,
Petro Nyongesa